Nusu Kidonge cha Kasoli

Leo nataka tuzungumze juu ya kupima. Si kupima dengu na mashudu: kupima dawa.

Safari yangu ya mwisho Kasoli, huku Bariadi mkoani Simiyu, ilinikuta shuleni siku ya kugawa dawa za kichocho. Watoto wamepanga mstari kutoka mlangoni hadi chini ya mwembe, kila mmoja ameshakunywa uji, maana dawa ile ukiimeza na njaa unaweza kuitapika. Ukutani imesimamishwa fimbo ndefu iliyochorwa mistari. Mtoto anavua kandambili, anaegemeza visigino, mwalimu anamlazia kiganja utosini na kusoma. Sentimita 94 hadi 110, kidonge kimoja. Hadi 125, kimoja na nusu. Hadi 138, viwili. Inapanda hivyo hivyo hadi mtu mzima mrefu wa vidonge vitano. Mizani hakuna. Shirika la Afya Duniani liliona kuwa urefu wa mtoto unatosha kukisia uzito wake, ili apate dozi iliyo karibu na miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili.

Binti mmoja mwembamba alisomwa 117. Kimoja na nusu. Mwalimu alishika kidonge kirefu cheupe, akakibana kwa kucha za gumba penye mkato, akakivunja taratibu kama mtu anayegawa urithi mbele ya ndugu. Nusu akapewa binti, nusu ikawekwa kwenye kisosi imsubiri mwingine wa nusu. Binti alitafuna, akakunja uso mzima. Ile dawa ni chungu, ndugu zangu, uchungu unaobaki ulimini hadi jioni. Na mgongoni kwake alikuwa amembeba mdogo wake, aliyekuwa akitazama yote haya bila kupepesa. Huyo mdogo tutamrudia.

Nimekuwa nikiifikiria nusu ile tangu siku hiyo. Mwalimu wa Kasoli alipima kwa kucha na kwa macho, akapatia. Lakini ili kidonge kifike mkononi mwake, kuna watu mahali pengine wanaopima vitu vidogo sana, na wanaovipima siku hizi wengi wao si watu tena bali mashine. Nataka nikupeleke huko, kwa sababu nadhani ndiko swali letu la kichocho lilikokwama.

Dawa kabla ya kuwa kidonge huwa swali. Kemikali hii ikikutana na mdudu huyu, mdudu atakufa? Kama hafi, hii nyingine je? Na hii? Hakuna njia ya mkato. Unachukua tone la kemikali, unaliweka pamoja na mdudu, unasubiri, unatazama. Ukitaka jibu la maana, uulize mara laki nyingi, na kila mara tone liwe sawasawa na la jana. Tone likizidi, kemikali dhaifu itaonekana shujaa. Likipungua, dawa halisi itatupwa kwenye pipa la taka na hakuna atakayejua kamwe kwamba ilikuwepo.

Mahali pa kuuliza maswali hayo ni kisahani cha plastiki, urefu wake sentimita 12.8, upana 8.5, kinakaa kiganjani. Kimejaa vishimo vilivyopangwa kama bao la kete: 96, au 384, au 1,536 kwenye kisahani cha ukubwa ule ule. Kila kishimo ni swali moja. Waliotupa kisahani hiki hawakuwa matajiri. Mwaka 1951 huko Hungaria, daktari aitwaye Gyula Takátsy alikuwa akishughulika na homa ya mafua huku vioo vya maabara na mirija ya kupimia ni vya kutafuta kwa tochi. Akachonga vishimo kwenye kipande cha plastiki, safu 6 za vishimo 12, ili apime vingi kwa vifaa vichache. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba vitu hivi vinahitaji kwanza nchi iwe na fedha nyingi. Kisahani ambacho leo viwanda vya dawa duniani kote vinakitumia kilizaliwa na uhaba.

Kuna kitu kingine kilichokuja mwaka 1957. Wakati huo watu wa maabara walikuwa wakivuta kimiminika kwa mdomo, kwa mrija wa kioo, kama fundi anavyovuta petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi. Wengine walimeza walichokuwa wakipima. Mjerumani Heinrich Schnitger, mjini Marburg, akatengeneza kifaa cha kushika mkononi chenye pistoni na springi: unabonyeza kwa gumba, unaachia, kinanyonya kiasi kile kile kila mara. Hiyo ndiyo pipeti, na kila aliyepita chuo cha maabara anaikumbuka kwa maumivu ya gumba.

Mimi ninaikumbuka kwa jambo jingine. Nilikuwa mwanafunzi, nimekabidhiwa kisahani cha vishimo 96 na sampuli za watu, damu ya watu waliotembea kuja kuitoa. Nilikuwa nimefika katikati. Mwenzangu akanigusa bega kuniuliza kama nimeshakula. Nikageuka, nikajibu, nikarudi. Na hapo nikasimama, kwa sababu sikujua kama nilikuwa nimemaliza mstari wa D au bado. Kimiminika hakina rangi. Kishimo kilichowekwa tone na kisichowekwa vinafanana kabisa ukivitazama kwa juu. Nilikiinamisha kisahani kwenye mwanga wa dirisha, nikahesabu, nikahesabu tena, nikapata majibu mawili tofauti. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alisema, "Mwaga chote." Baadhi ya sampuli zilikuwa zimekwisha. Kuna watu walioitwa kuja kuchomwa sindano mara ya pili kwa sababu mimi niliulizwa kama nimekula.

Mashine haiulizwi kama imekula. Ukiiona mara ya kwanza ni kama kabati la vioo lenye reli juu, na kwenye reli unaning'inia mkono wenye pipeti nane, au 96 kwa mpigo. Mkono unashuka, unavaa ncha mpya za plastiki, unaelekea kwenye chombo cha kemikali, unashuka polepole hadi ncha iguse kimiminika. Inajua imegusa kwa badiliko dogo sana la umeme. Unanyonya, unapanda, unasogea, unadondosha, unavua ncha na kuzitupa, unaanza tena. Saa tatu usiku unafanya hivyo, saa nane usiku unafanya hivyo. Asubuhi mtu anakuta foleni ya visahani vilivyokamilika, kila kishimo kina kumbukumbu yake kwenye kompyuta.

Usidhani basi kwamba mtu hana kazi. Mashine isiyokaguliwa itakosea kwa unyoofu ule ule, mara elfu kumi bila kuchoka, na hilo ni baya kuliko kosa langu la mstari wa D. Ndiyo maana watu wake huilisha maji yenye rangi na kupima ukolezo wa rangi katika kila kishimo, au huyapima kwa mizani nyeti sana. Halafu kuna tabia za kemikali zenyewe. Nyingi huhifadhiwa zikiwa zimeyeyushwa katika kimiminika kiitwacho DMSO. Chumba kikishuka chini ya nyuzi 18.5, kinaganda. Kikiachwa wazi, kinakunywa unyevu wa hewani kama chumvi inavyolowa wakati wa masika. Maji yakiingia, baadhi ya kemikali zinatuama chini kama machicha, na tone linalonyonywa kutoka juu linabeba pungufu. Vishimo vya pembeni navyo hukauka mapema kuliko vya katikati. Mtu asiyeyajua haya atapata namba nzuri za uongo.

Na kuna mashine isiyogusa kabisa. Hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Kisahani chenye kemikali kinakaa chini, kisahani kitupu kinageuzwa kifudifudi juu yake. Kutoka chini linatumwa wimbi la sauti, kali kupita masikio yetu, likilenga uso wa kimiminika. Tone linaruka juu na kubaki limeng'ang'ania kwenye kishimo kilichopinduliwa, kama tone la mvua chini ya bati. Tone hilo ni nanolita 2.5. Chukua kijiko chako cha chai, kijaze maji: humo mna matone milioni 2 ya namna hiyo.

Shika namba hiyo, milioni 2. Kampuni ya GSK, katika maabara yake ya Tres Cantos karibu na Madrid, Hispania, ilijaribu karibu kemikali milioni 2 dhidi ya vimelea vya malaria. Kwa visahani vya vishimo 96 vingehitajika visahani zaidi ya elfu 20, na hapo hujarudia hata kipimo kimoja. Hakuna kikosi cha magumba kingeimaliza kazi hiyo. Mashine ziliimaliza, na kemikali 13,533 zikaonekana kuzuia vimelea kwa asilimia 80 au zaidi. Mwaka 2010 kampuni iliitoa orodha yote hadharani. Novartis nao walipitia kemikali milioni 2.3, na humo ikatoka moja ambayo leo inaitwa ganaplacide. Imeunganishwa na lumefantrini, ambayo unaijua kutoka kwenye dawa ya mseto ya zahanati, na matokeo ya majaribio yake ya hatua ya tatu, kwa wagonjwa wa nchi 12 za Afrika, yalitangazwa Novemba 2025. Hilo si jambo la mbali kwetu. Hapo jirani Kagera, wilayani Karagwe, utafiti wa mwaka 2022 ulivikuta vimelea vya malaria vilivyoanza kuizoea artemisinini, mwenza wa lumefantrini katika dawa hiyo ya mseto. Kutoka Karagwe hadi Bariadi mbu hahitaji pasipoti, na mgonjwa hupanda basi.

Kwa hiyo malaria imeulizwa maswali mamilioni. Sasa nirudi kwenye kisosi cha Kasoli, kwenye ile nusu.

Dawa ya kichocho ni moja. Prazikwanteli. Ilipatikana miaka ya 1970 Ujerumani, na jinsi ilivyopatikana inanisikitisha kila nikiikumbuka: wakemia wa Merck walikuwa wakitafuta dawa ya kutuliza akili. Kemikali zao hazikufaa kazi hiyo, zikapelekwa kampuni ya Bayer zijaribiwe kwa minyoo ya mifugo, na humo ndimo ilimopatikana. Tumeiokota njiani, ya mtu aliyekuwa akienda kwingine. Hata jinsi inavyomuumiza mnyoo, sehemu halisi inayogusa mwilini mwake, ilitambuliwa mwaka 2019, watoto wakiwa wameshaimeza kwa zaidi ya miaka 30. Ni dawa njema, nami ninaiheshimu. Tangu 2007 Merck wanaitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Lakini inaua mnyoo mkubwa na kumwacha mchanga wa wiki chache. Mtoto anameza leo, keshokutwa anarudi lamboni, na wale wachanga waliokuwa tayari mwilini wanaendelea kukua. Ikitokea mnyoo akaizoea, hakuna ya pili kwenye rafu.

Kwa nini kichocho hakikuulizwa maswali milioni 2? Fedha ni jibu la kweli: anayekojoa damu Simiyu hana cha kuilipa kampuni. Serikalini wanayaita magonjwa haya "yaliyokuwa hayapewi kipaumbele", na marehemu Dkt. Mwele Malecela, aliyeongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kisha kitengo cha magonjwa haya katika Shirika la Afya Duniani, aliitumia nguvu yake hadi mwisho ili neno "yaliyokuwa" liwe la kweli. Ila kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu sisi wa malambo.

Kimelea cha malaria unaweza kukifuga ndani ya damu chupani, ukawa nacho kingi kama maji, mashine ikadondosha. Mnyoo wa kichocho hakubali. Lazima apite kwa konokono. Huku kwetu ni wale konokono wadogo wa malambo ya mvua, ambao ng'ombe anawakanyaga akinywa. Maabara inayotaka kumpima mnyoo huyu inafuga konokono walioambukizwa. Wanawekwa gizani, kisha wanatolewa na kumulikwa taa. Mwanga ukiwapiga, wanaanza kumwaga majini viluwiluwi vyenye mkia wenye panda. Vinatoka kama vumbi linaloogelea. Hivyo ndivyo vinavyompenya ngozi mtoto anayeoga saa sita mchana, jua likiwa kali, kwa sababu kule lamboni taa ni jua. Mtaalamu anavikata mikia kwa kuvipitisha kwenye sindano nyembamba, vinageuka minyoo wachanga, anaviweka kwenye kisahani cha vishimo 384, mashine inadondosha kemikali, kamera inatazama nani anajinyonganyonga na nani ametulia. Wanasayansi wamefanya hivyo California na Ulaya. Kupata konokono wa kutosha ndiko kikomo cha kazi yao.

Sasa nani ana konokono? Nani anajua lambo lipi lina wengi na mwezi gani? Wachunga ng'ombe wa Kasoli wanajua, na NIMR ya Mwanza imekifuatilia kichocho cha Kanda ya Ziwa kwa miongo. Tunacho kile ambacho maabara za Ulaya zinakihangaikia. Tunachokosa ni upande wa pili wa kisahani: kemikali na kazi ya kuzijaribu.

Na Afrika imeshaonyesha kwamba upande huo unashikika. Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha mwaka 2010 kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town, cha kutafuta dawa mpya. Kemikali yao ya malaria, MMV390048, ilifika hatua ya kujaribiwa kwa binadamu mwaka 2014. Baadaye ilisimamishwa kwa sababu za usalama, na wala hilo halinivunji moyo, maana kemikali nyingi huishia njiani. Kilichobaki ni vijana waliojua kuuliza swali hadi mwisho wake. Shirika la kutafuta dawa za malaria, MMV, la Geneva nalo liligawa bure kwa watafiti kasha la kemikali 400, dhidi ya kifua kikuu, malaria, malale, kichocho na mengineyo, kwa sharti kwamba wachapishe watakachokiona. Kila kemikali maikrolita 10 tu, tone la umande. Ukimpa tone hilo mtu asiye na kipimo sahihi, umempa kitu cha kuharibu kwa asubuhi moja.

Kuna atakayenipigia simu aseme, ndugu mtangazaji, zahanati yetu wiki hii haina hata panadoli, wewe unataka roboti. Ninakuelewa, mama, na hasira yako ni ya haki. Lakini roboti ya kupima imeshafika, hatujaitambua tu. Mtoto mchanga wa mama mwenye virusi vya UKIMWI anachomwa kisigino zahanati, tone la damu linakaushwa kwenye karatasi, karatasi inapanda gari hadi maabara ya Bugando, Mwanza, na huko mashine ndiyo inayonyonya na kudondosha. Ile GeneXpert ya kupimia makohozi hospitalini ina pistoni na vijumba ndani yake vinavyohamisha kimiminika bila mkono wa mtu. Tuna vijana wanaoziendesha kila siku na mafundi wanaozifungua zikikwama. Vijana hao hao, na mashine ndogo ya mezani ambayo si ya bei ya viwanda vikubwa, wangeweza kukaa Mwanza na konokono wetu, na kasha la kemikali 400, na dondoo za mimea ambazo Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imekuwa ikizikusanya tangu ilipoanza kama kitengo mwaka 1974. Ninaposema hivi sioti. Ninahesabu vitu vilivyopo.

Niliahidi kumrudia yule mdogo wa mgongoni.

Fimbo ya dozi inaanzia sentimita 94. Chini ya hapo hakuna mstari. Kwa miaka yote hii mtoto mdogo, anayeogeshwa na mama yake kwa maji yale yale ya lambo, alikuwa hana dozi yake. Kidonge kikubwa, kichungu, kinaweza kumpalia. Kisha watu wakaitazama molekuli ya prazikwanteli kwa makini. Inakuja katika maumbo mawili, kama mkono wa kushoto na wa kulia. Umbo moja ndilo linaloua mnyoo. Jingine halifanyi kazi yoyote ya maana, ila sehemu kubwa ya ule uchungu ni yake. Wakaliondoa, wakabaki na nusu inayofanya kazi, wakatengeneza kidonge kidogo kinachoyeyuka majini, kiitwacho arprazikwanteli. Walikijaribu kwa watoto wa Kenya na Côte d'Ivoire, kuanzia umri wa miezi 3 hadi miaka 6. Desemba 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya walikipitisha, na mwaka 2025 Uganda ilianza kukitoa.

Siku ile Kasoli, kidonge hicho hakikuwepo mezani. Binti alipomaliza kumeza alimshusha mdogo wake ili apumzishe mgongo. Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye fimbo, akageuka, akaegemeza visigino ukutani kama alivyowaona wakubwa wakifanya, na kuinua kidevu. Mwalimu akaweka kiganja. Themanini na tisa. "Wewe bado, baba," akamwambia. Mtoto hakuondoka. Alisimama kwa vidole vya miguu.